Kifutio cha Doyen Vedel na kufuli ya kifungu cha 220

Kitabu chenyewe ni fotokopi. Karatasi zimeshonwa kwa uzi mweusi wa fundi viatu, jalada ni katoni iliyokatwa kwenye boksi la maziwa ya unga, na kona za chini zimeliwa na mchwa. Profesa wangu alinipa siku nilipothibitishwa kuwa asistanti, yaani mwalimu msaidizi, katika kitivo cha sheria hapa Lubumbashi. Alifungua droo, akakitoa, akakifuta vumbi kwa kiganja, akanisukumia juu ya meza.

"Mwanangu, huyu umsome polepole. Alikuwa na akili nyingi, na bado alikubali kubadilika mbele za watu."

"Asante, Papa Prof."

"Usiniandikie kwa wino. Kama una neno, tumia penseli."

Pembezoni mwa kurasa yalikuwepo maneno yake, yote kwa penseli. Mengine yamefutwa na kuandikwa upya juu ya kovu la kwanza, hadi karatasi imekuwa nyembamba kama ngozi ya kitunguu. Nimeishi na fotokopi hiyo miaka 9 sasa. Leo nataka kumweleza mtu aliyeiandika, Georges Vedel, mwanasheria wa katiba wa Ufaransa, kwa sababu kila mwaka nawatajia wanafunzi wangu jina lake na kila mwaka wanalinakili kama jina la dawa, bila kujua ni nani. Pia kuna jambo moja ambalo naye sikubaliani kabisa, na jambo hilo linatugusa sisi Wakongo kuliko linavyowagusa Wafaransa.

Alizaliwa tarehe 5 Julai 1910 katika mji wa Auch, Gascogne, kusini-magharibi mwa Ufaransa, na lafudhi ya kwao hakuiacha hata alipokuwa mtu mkubwa wa Paris. Alisoma falsafa na sheria Toulouse. Tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1934 ilihusu "sababu" katika sheria ya utawala. Serikali inapotoa amri, imeitoa kwa sababu gani, na je, jaji ana ruhusa ya kuichungulia sababu hiyo? Nikiisoma orodha ya mambo aliyoyafanya baadaye naona kwamba swali lile la kijana wa miaka 24 hakulimaliza mpaka kufa. Mwaka 1936 akafaulu mtihani wa agrégation, ule unaomfanya mtu kuwa profesa wa sheria Ufaransa. Vita vikamkuta ni afisa, Wajerumani wakamteka, na vita hivyo alivimaliza kambini. Akarudi kufundisha, akaenda Paris, na mwaka 1949 akatoa kitabu hiki ninachokiona hapa mbele yangu, Manuel élémentaire de droit constitutionnel.

Wakati huo katiba ya Jamhuri ya Nne ilikuwa na miaka 3 tu. Ufaransa haikuwa na mahakama ya kuzipima sheria za Bunge. Kilikuwepo kikao kilichoitwa Kamati ya Katiba, nacho kilifanya kazi mara moja tu, mwaka 1948. Bunge ndilo lilikuwa mfalme. Kwa hiyo huyu mwalimu aliandika juu ya mipaka ya mamlaka katika nchi ambayo haikuwa imeweka mlinzi mpakani. Kitabu kilikuwa na sifa kubwa, lakini yeye hakukitolea toleo jipya. Wachapishaji Dalloz walikichapa tena mwaka 2002 vilevile kilivyokuwa. Ndio mwaka aliofariki, tarehe 21 Februari.

Mwaka 1962 akawa doyen, yaani mkuu wa Kitivo cha Sheria na Uchumi cha Paris, kilichokuwa kikubwa kuliko vyote vya sheria nchini mwao. Alikaa hapo hadi 1967. Ufaransa ni kama kwetu: mtu akishakuwa doyen, cheo kinamganda. Hadi leo wanasheria wao hawasemi Vedel, wanasema "doyen Vedel", kana kwamba ni jina alilopewa na mama yake. Ilikuwa miaka ya wanafunzi kufurika. Jengo kubwa la mtaa wa Assas, lenye ukumbi wa kukalisha watu zaidi ya 1,000, lilifunguliwa wakati huo ili kuupunguzia mzigo uwanja wa Panthéon ambako kitivo kilikuwa kimebanana. Mimi nafundisha darasa la watu 600 katika ukumbi wa viti 350, kwa hiyo habari ya jengo sipiti juu yake haraka. Mkuu wa kitivo anayehangaikia viti anafanya kazi ya sheria ya katiba pia, kwa sababu mwanafunzi aliyesimama dirishani nje haisikii hoja, anasikia kelele.

Kisha Mei 1968 ikaja na maandamano ya wanafunzi, sheria ya Novemba 1968 ikavunja vitivo vya zamani, na chuo kikuu cha Paris kikagawanywa vipande. Vedel alikuwa miongoni mwa madoyen wa mwisho wa kile kitivo kizima.

Lakini udoyen wake ulianza na moto. Agosti 1962 watu walimmiminia risasi Rais de Gaulle huko Petit-Clamart, akanusurika. Baada ya hapo akatangaza kwamba rais achaguliwe na wananchi wote, na kwamba yeye atawauliza wananchi moja kwa moja kwa kura ya maoni ya kifungu cha 11 cha katiba. Tatizo ni kwamba katiba ya 1958 ina kifungu chake maalumu cha kuirekebisha, kifungu cha 89, na hicho kinapitia Bunge kwanza. Walimu wengi wa sheria wakasema wazi: huku ni kuvunja katiba. Vedel alikuwa mmoja wao. Uzuri wake ni huu: hakupinga rais kuchaguliwa na wananchi, alikuwa ameliunga mkono wazo hilo kabla. Alichopinga ni mlango uliotumika kuliingiza ndani.

Wananchi wakapiga kura tarehe 28 Oktoba, asilimia 62 wakasema ndiyo. Suala likapelekwa Baraza la Katiba, chombo kinachopima sheria kwa kipimo cha katiba, nalo tarehe 6 Novemba likajibu kwamba halina uwezo wa kuchunguza sheria iliyopitishwa na wananchi wenyewe.

Angeweza kuishi miaka 40 iliyobaki akisema "niliwaambia". Desemba 1968 aliandika katika gazeti la Le Monde kwamba matendo yale, kwa kukubaliwa na wananchi na kwa kuzoeleka, yamezaa desturi, na desturi imekuwa sheria. Kwa maneno mengine: kilichokuwa kosa mwaka 1962 kimekuwa njia halali. Wenzake wengi hawakumfuata. Na miezi minne baadaye, Aprili 1969, de Gaulle akatumia kifungu kilekile cha 11, wananchi wakakataa, akajiuzulu usiku uleule. Tangu hapo hakuna rais wa Ufaransa aliyerekebisha katiba kwa mlango huo.

Je, Vedel alikosea 1962 au 1968? Profesa wangu alipofundisha somo hili alilitumia saa nzima. Alitaka tuelewe kwamba mwanasheria ana deni mara mbili: anawiwa na maandishi, na anawiwa na watu wanaoishi chini ya maandishi hayo. Vedel alilipa deni la kwanza wakati lilipokuwa na gharama, maana kumpinga de Gaulle mwaka 1962 ukiwa na ofisi ya doyen halikuwa jambo jepesi. Deni la pili alilipa baadaye, na nadhani alilipa zaidi ya alichodaiwa. Lakini aliandika jina lake chini ya maneno yote mawili.

Habari za Ulaya nitazipita upesi. Alikuwa katika ujumbe wa Ufaransa uliojadili mikataba ya Soko la Pamoja na Euratom, ushirika wa nyuklia wa Ulaya, na mwaka 1972 aliongoza kikundi cha wataalamu kilichopendekeza Bunge la Ulaya lipewe meno zaidi. Wanaopenda mambo ya Brussels watayatafuta wenyewe.

Mwaka 1980 Rais Giscard d'Estaing akamteua katika Baraza la Katiba. Watu 9, muhula wa miaka 9, hakuna kurudia. Alikuwa na umri wa miaka 69, umri ambao kwetu mtu anapewa kiti kivulini na kuulizwa habari za zamani. Yeye ndipo alipoanza kazi yake kubwa.

Lazima nieleze Baraza lile lilikuwaje. Mwaka 1958 liliundwa hasa ili kulizuia Bunge lisiingilie shamba la serikali. Kisha tarehe 16 Julai 1971 likafuta sheria iliyobana uhuru wa kuunda vyama, likiegemea utangulizi wa katiba. Ghafla yale maneno mazuri ya utangulizi, ambayo watu waliyaona kama maua ya mezani, yakawa na nguvu ya kukata. Mwaka 1974 ikaruhusiwa wabunge 60 au maseneta 60 wapeleke sheria pale kabla haijasainiwa. Upinzani ukapata mlango wa kubisha.

Mei 1981 François Mitterrand akashinda, na serikali ya mrengo wa kushoto ikaja na sheria ya kutaifisha: vikundi 5 vikubwa vya viwanda, benki nyingi, na kampuni za fedha za Paribas na Suez. Bungeni hasira zilipanda hadi mbunge André Laignel akawaambia wapinzani kwamba wamekosea kisheria kwa kuwa ni wachache kisiasa. Wakongo wenzangu, sentensi hiyo isomeni mara mbili. Sisi tumeisikia kwa lugha zetu zote, mchana na usiku.

Wapinzani wakapeleka sheria kwenye Baraza. Jaji aliyepewa kuandaa ripoti alikuwa Vedel. Mikutano ya Baraza ni ya siri, lakini siku hizi kumbukumbu zake zinafunguliwa baada ya miaka 25, ndiyo maana tunajua nani alibeba faili lile. Jiweke mahali pake. Umeteuliwa na rais wa mrengo wa kulia aliyeshindwa uchaguzi. Mbele yako kuna sheria ambayo ndiyo ahadi kuu ya washindi. Ukiifuta yote, umepindua uchaguzi ukiwa watu 9 chumbani. Ukiipitisha yote, Laignel ana haki: wingi wa kura ndio sheria.

Uamuzi ulitoka tarehe 16 Januari 1982. Kumiliki mali ni haki yenye uzito wa kikatiba, kwa sababu Tamko la Haki la 1789, la Mapinduzi ya Ufaransa, bado lina nguvu. Hata hivyo Bunge linaweza kutaifisha, likiona kuna haja ya umma, na Baraza halitaweka maoni yake mahali pa maoni ya Bunge. Lakini namna fidia ilivyokokotolewa haiwatendei haki wenye hisa, kwa hiyo hapo sheria imekataliwa. Serikali ikarudi, ikahesabu upya, ikalipa zaidi, na sheria mpya ikapita Februari. Mitterrand akapata viwanda vyake. Wenye hisa wakapata stahiki yao. Na Baraza likabaki limesimama.

Kuna maneno ambayo Wafaransa wanamhusisha nayo doyen Vedel, kwamba jaji wa katiba ana kifutio lakini hana penseli. Anaweza kufuta kilichoandikwa na Bunge, hawezi kuandika badala ya Bunge. Ile Januari 1982 ndiyo kifutio kazini. Alifuta mstari wa fidia, akaacha ukurasa.

Walimu wa kizazi kile walipenda pia mfano mwingine, hasa Louis Favoreu wa Aix-en-Provence: jaji wa katiba ni kama yule mtu wa reli anayegeuza njia za treni. Hazuii treni isiende. Anasema tu, kwa mzigo huu njia hii haifai, pita ile nyingine: unachotaka hakiwezekani kwa sheria ya kawaida, kirekebishie katiba kwanza.

Mfano huu mimi sikuuhitaji kuelezwa. Baba yangu alifanya kazi hiyo Tenke, pale reli ya kutoka Lubumbashi inapogawanyika, moja kwenda Kolwezi na Dilolo mpaka Angola, nyingine kwenda Kamina. Nilikuwa mtoto, nilimpelekea bukari na sombe kwenye bakuli la bati lililofungwa kitambaa, nikamwona akiushika ule mkono wa chuma kwa mikono yote miwili na kuegemea nyuma kwa uzito wa mwili wake. Vipande viwili vya reli vilisogea kiasi cha upana wa kiganja. Basi, ni hicho tu. Kiasi cha kiganja, na mabehewa 30 ya shaba yanaelekea nchi nyingine. Baada ya kugeuza alipiga magoti, akapitisha kidole kati ya ulimi wa reli na reli yenyewe kuhakikisha hakuna jiwe. Mafuta meusi hayakumtoka kwenye kucha hata siku za misa. Niliwahi kumuuliza kama angeweza kumpeleka dereva asikotaka. Alinijibu, "Mimi sijui treni inabeba nini. Najua njia iko wazi au haiko wazi." Niliposoma habari ya Vedel na kutaifisha, nilimwona baba akipiga magoti pale Tenke.

Baada ya kutoka Barazani mwaka 1989, Vedel hakunyamaza. Mitterrand alimweka kuongoza kamati ya kufikiria marekebisho ya katiba, na ripoti yake ilitoka Februari 1993. Ndani yake kulikuwa na pendekezo kwamba mwananchi wa kawaida, akiwa na kesi mahakamani, aweze kuhoji kama sheria inayotumika dhidi yake inapatana na katiba. Lilikwama. Lilikuja kukubaliwa mwaka 2008 na kuanza kutumika Machi 2010, miaka 8 baada ya mzee kuzikwa. Leo ndio mlango mkuu wa Baraza lile.

Nimefika sasa kwenye ugomvi wangu naye.

Mwaka 1992, katika mjadala wa Mkataba wa Maastricht uliounda Umoja wa Ulaya, aliandika maneno ambayo kila mwanafunzi wa sheria ya katiba kwa Kifaransa anayajua. Swali ni la zamani: kwa nini watu 9 wasiochaguliwa wafute kazi ya wabunge waliochaguliwa na mamilioni? Jibu la Vedel: kwa sababu hao 9 hawana neno la mwisho. Mwenye nchi, akijitokeza kwa utukufu wake wote kama mtunga katiba, anaweza kuvunja hukumu zao. Aliliita jambo hilo "lit de justice". Zamani mfalme wa Ufaransa, akichoka na mahakama iliyokataa kusajili amri zake, alikwenda mwenyewe, akakaa juu ya matakia chini ya kitambaa cha kifalme, na majaji wakalazimika kukubali. Katika jamhuri, mfalme huyo ni watu.

Mwaka mmoja haukupita sana, ikatokea kweli. Tarehe 13 Agosti 1993 Baraza likakata vipande vya sheria ya wahamiaji na wakimbizi, serikali ya Édouard Balladur ikakasirika, na tarehe 25 Novemba katiba ikarekebishwa kuhusu hifadhi. Majaji walifuta, mtunga katiba akaandika upya juu ya alama ya kifutio.

Hoja hii naipenda. Inampa jaji ujasiri na unyenyekevu kwa wakati mmoja. Shida ni kwamba ili isimame, mtunga katiba lazima asiwe na mipaka kabisa, na Vedel hakuogopa kulisema hilo tangu kitabu cha 1949: mamlaka ya kutunga katiba ni ya juu kuliko yote, hayawezi kujifunga hata yenyewe. Waliotunga jana hawana haki ya kuwafunga watakaotunga kesho. Ni imani ya Mapinduzi, imo katika Tamko la 1793, kwamba kizazi kimoja hakiwezi kuvitiisha vizazi vijavyo. Kwa hiyo katiba ikisema "kifungu hiki hakirekebishwi kamwe", kwa Vedel hilo ni ukuta wa karatasi. Unaanza kwa kurekebisha lile katazo. Likishaondoka, unarekebisha ulichotaka. Hatua mbili, zote halali.

Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006 ina kifungu cha 220. Kinasema mambo haya hayawezi kuguswa na marekebisho yoyote: mfumo wa jamhuri, kura ya wote, serikali ya uwakilishi, idadi na urefu wa mihula ya rais, uhuru wa mahakama, wingi wa vyama vya siasa na vya wafanyakazi. Nilipokuwa naeleza hatua mbili za Vedel, binti mmoja wa safu ya nyuma, wa wale wanaosimama kwa kukosa kiti, akanyoosha mkono.

"Asistanti, basi hiyo ni kufuli, halafu ufunguo umetundikwa kwenye msumari wa mlango uleule."

Ukumbi ulicheka. Mimi nilishindwa kuendelea kwa muda, kwa sababu hajawahi mtu kuniambia vizuri zaidi.

Kifungu cha 220 hakikuandikwa na watu waliopenda kuwafunga wajukuu wao. Kiliandikwa na watu waliokuwa wameona katiba ya 1967 ikigeuzwa na kugeuzwa tena, mpaka mwaka 1974 chama kimoja kikawekwa juu ya taasisi zote za nchi, kila kitu kwa utaratibu, kwa mihuri, kwa sahihi. Hakuna aliyevunja dirisha. Ufunguo ulikuwa msumarini. Na baada ya 2006 tumeshaona wepesi wa mkono: Januari 2011 duru ya pili ya uchaguzi wa rais iliondolewa kwa marekebisho ya Bunge, ndani ya siku chache, miezi kadhaa kabla ya uchaguzi. Oktoba 2024 Rais Tshisekedi alitangaza Kisangani kwamba itaundwa tume ya kufikiria katiba mpya. Sisemi kila anayetaka kubadili katiba ana nia mbaya. Nasema kwamba mahali ambapo "mtunga katiba" mara nyingi amekuwa ikulu iliyovaa nguo za watu, lit de justice inarudi kuwa kile ilichokuwa mwanzo: mfalme juu ya matakia.

Ningependa kumuuliza mzee jambo moja. Wafaransa wenyewe waliandika katika katiba ya 1946, na tena katika ile ya 1958, kwamba haiwezi kurekebishwa nchi ikiwa imevamiwa. Kwa nini? Kwa sababu ya Julai 1940, wakati Bunge lao, Wajerumani wakiwa ndani ya nchi, lilipompa Marshal Pétain mamlaka ya kutunga katiba. Lile katazo lilitoka kwenye jeraha. Na Vedel alikuwa mateka wa vita vilevile. Sasa kama jeraha la miaka 4 linatosha kuandika "msiguse", la kwetu la miaka 32 ya mtu mmoja, Mobutu, halitoshi?

Najua jibu lake. Angesema: kufuli haijawahi kuilinda nyumba, anayeilinda ni mtu aliye ndani na anayekataa kufungua. Angesema mwisho wa yote ni watu. Na mimi ningemwambia, ndiyo, Doyen, lakini kufuli inampa mtu wa ndani muda wa kuamka. Januari 2015 tuliamka. Kilichotuamsha kilikuwa sheria ya uchaguzi tu, ambayo watu waliona ingemwongezea rais muda, wala si kifungu cha 220 chenyewe, lakini kila kijana aliyekuwa barabarani alikuwa anaitaja ile namba, 220, hata wasiowahi kushika katiba mkononi.

Mwaka 1998, akiwa na miaka 87, walimchagua kuingia Académie française, baraza linalolinda lugha ya Kifaransa, kiti namba 5. Alikikalia muda mfupi. Aliyekuja kukalia kiti hicho baada yake ni Assia Djebar, mwandishi kutoka Algeria, aliyechaguliwa 2005. Desturi ya pale inamtaka anayeingia atoe hotuba ya kumsifu aliyemtangulia. Kwa hiyo Juni 2006 mwanamke wa Algeria alisimama chini ya kuba lile, akamsifu mwanasheria wa Gascogne kwa heshima yote, na katika hotuba hiyohiyo akalitaja jeraha la ukoloni katika nchi yake. Nimewasomea wanafunzi sehemu hizo mbili zikiwa pamoja. Ndivyo ningependa na mimi kuzungumza juu yake.

Katika fotokopi yangu, penye aya ile ya mamlaka yasiyoweza kujifunga, profesa aliandika "Hapana". Akalifuta. Juu yake akaandika "Labda". Nalo limefutwa nusu, herufi mbili za mwisho zimebaki. Sijui ni lini aliandika lipi, na Papa Prof ametutoka mwaka juzi.

Wiki iliyopita nilimwazima yule binti wa safu ya nyuma kitabu kwa siku tano, kwa sharti la penseli. Alikirudisha jana, amekifunika kwa plastiki ya daftari ili mchwa wasiendelee. Nilifungua moja kwa moja kwenye ukurasa ule. Chini ya herufi mbili za profesa, kwa mwandiko mdogo ulioegemea kulia, ameandika: "Watu gani, na nani amewahesabu?"